Hesabu ya Kurudi

Jumapili ya tarehe 22 Aprili 1498, mjumbe wa mfalme wa Malindi alipanda chombo akaenda kuwasalimia Wareno, ambao merikebu zao tatu zilikuwa zimetia nanga mbele ya mji. Alikwenda mgeni, akageuzwa rehani. Vasco da Gama alikuwa ameahidiwa rubani wa kumvusha mpaka India, na siku mbili zilikuwa zimepita bila mtu wa mjini kukanyaga merikebuni. Subira ikamwishia. Akamzuia yule mjumbe, akapeleka neno kwa mfalme: rubani akija, mtu wako atarudi. Rubani akaja, mjumbe akaachiwa, na Jumanne tarehe 24 matanga yakapandishwa.

Habari hii imo katika shajara ya safari ile, inayodhaniwa kuandikwa na Álvaro Velho, mmoja wa waliokuwamo. Kazi ya ng'ambo iliyo mashuhuri kuliko zote katika historia ya pwani hii ilianza, basi, kwa mtu kushikwa. Shajara haitaji rubani aliahidiwa ujira gani, wala haionyeshi kama kuna aliyemuuliza anataka kwenda.

Wengi wamefundishwa shuleni kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar. Wanahistoria wengi wa leo hawalikubali hilo: ibn Majid alikuwa ameshakuwa mzee, na maandishi ya Wareno waliokuwa safarini hayamtaji. Shajara inasema rubani alikuwa Mkristo. Wareno wa safari ile walikuwa na kawaida ya kuwadhania Wahindu kuwa Wakristo, kwa hiyo yaelekea zaidi kwamba alikuwa mtu wa Gujarat, aliyekuwa Malindi kwa shughuli zake. Merikebu nne za Wahindi zilikuwapo bandarini wakati huo huo. Yaani huyo ambaye Malindi inajivunia kumtoa, mwenyewe alikuwa mtu wa ng'ambo aliyekuja kutafuta riziki Malindi.

Alichokuwa nacho, na ambacho Wareno walikosa, ni hesabu ya pepo. Waliondoka Malindi kusi likianza kushika, na tarehe 18 Mei wakaiona nchi ya India. Siku zisizofika hata 25. Kurudi, da Gama hakuwa na subira ya kungoja kaskazi. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, upepo ukiwa haujageuka, akahangaika baharini muda wa miezi mitatu kasoro siku chache. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye katika kipande hicho cha bahari peke yake. Walipofika tena Malindi tarehe 7 Januari 1499, mabaharia wenye nguvu za kufanya kazi walikuwa wachache mno, na baada ya siku chache ikabidi merikebu moja, São Rafael, ichomwe moto kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Tofauti hiyo ya siku 25 na miezi mitatu inafaa kukumbukwa na kila anayeandika juu ya Wapwani na kazi za nje. Leo msichana wa Marafa au kijana wa Mtwapa akipata barua ya kazi kutoka Riyadh au Doha, watu wa mbali hudhani mjadala wa nyumbani ni wa mshahara. Mshahara hutajwa, tena kwa sauti. Lakini kwa karne sita ambazo kumbukumbu zinaweza kufuatwa hapa, linaloamua safari limekuwa jambo jingine: mtu atarudi lini, na ni nani mwenye uwezo wa kumrudisha.

Tangu zamani jibu la swali hilo liliandikwa angani. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nalo lilileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hushika Aprili, nalo liliyarudisha. Aliyepanda jahazi na kusi alijua, na mkewe alijua, na aliyemkopesha alijua, kwamba kaskazi lijalo ndilo la kumtazamia. Asiporudi nalo, kuna jambo. Safari ilikuwa na hatari zake, dhoruba na maradhi na nahodha dhalimu, ila urefu wake haukuwa siri ya tajiri. Hata mabaharia wa majahazi ya Kuwait, ambao Alan Villiers alisafiri nao pwani hii mwaka 1939, hawakulipwa mshahara wa mwezi. Walipewa mafungu ya faida mwisho wa safari, nao walianza safari wakiwa na deni la karadha waliyoziachia familia zao. Walikuwa wamefungwa, hilo halina ubishi. Lakini walifungwa kwa msimu, na msimu una mwisho.

Hata wale waliokwenda mbali kupita upepo wa msimu mmoja walipangiwa kurudi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika mbele ya mfalme wa Uchina na twiga, zawadi iliyoushangaza mji mzima. Ili kuwarudisha makwao wajumbe wa nchi mbalimbali, Malindi ikiwamo, ulipangwa msafara wa tano wa Zheng He, ulioondoka mwaka 1417. Miaka miwili ya kungoja, lakini merikebu zikaja. Wakati Wareno walipokuwa wakiondoka Malindi Januari 1499, mfalme wa mji naye aliwakabidhi kijana mmoja aende Ureno akajulikane na mfalme wa huko. Mfalme wa Malindi alikuwa akicheza mchezo aliouelewa: umpeleke mtu wako kwao, ili wao nao wawe na sababu ya kurejea kwako.

Karne ya 19 iliuvunja utaratibu huu kwa namna ya kikatili kuliko zote. Malindi ilikuwa imebaki magofu na vichaka hadi Sultan Majid wa Zanzibar alipoihuisha mwaka 1861, na mashamba ya mtama, mawele na ufuta yakatanda nyuma ya mji na upande wa Mambrui. Waliolima ni watumwa walioletwa kutoka nchi za ziwa Nyasa na mrima wa kusini. Kwao hapakuwa na shauri la kufanya. Wapo waliokimbia na kuanzisha makazi yao porini, kama Fuladoyo, wengine wakajificha kwenye misheni ya Rabai. Sheria ilikuja kuuondoa utumwa pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi wao wakiwa wameshazeeka au wamekufa.

Rabai kwenyewe kuna kisa kinachopindua mambo. Mwaka 1864 waliwasili pale William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliotoka India. Walitekwa utotoni, wakaokolewa, wakalelewa kwenye shule ya misheni ya Sharanpur karibu na Nashik, wakafundishwa ufundi na dini. Misheni ya Rabai, chini ya mmisheni Rebmann, ilikuwa na upungufu wa watu, nao wakaitwa kuja kufanya kazi. Kwa wakubwa wa misheni, huko kulikuwa kuwarudisha kwao Afrika. Kwao wenyewe Rabai ilikuwa ugenini: walizaliwa bara mbali na hapo, lugha waliyokulia haikuwa Kirabai, na mji waliouzoea ulikuwa ng'ambo ya bahari. Wakakaa. Mwaka 1885 wote wawili walipewa ushemasi, wakiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kanisa la Anglikana kupata daraja hilo Afrika Mashariki. Jones hasa hakuwa mtu wa kunyamaza, na mara kadhaa aliwaeleza wamisheni wazungu waziwazi kwamba Waafrika wenye kazi ile ile walitendewa kama watu wa chini.

Lakini kama kuna mahali ambapo historia ya Kilifi, kaunti ya leo ya Malindi na Rabai, imejibu waziwazi swali la kwenda au kutokwenda, ni kwa Wagiriama, kati ya 1912 na 1914.

Wagiriama wa wakati ule hawakuwa watu wenye shida ya kazi. Walikuwa wamevuka mto Sabaki kuelekea kaskazini, wakalima ardhi nzuri, wakawauzia wafanyabiashara wa Malindi na Takaungu mahindi na nafaka nyingine, na pembe za ndovu zilikuwa bado zinapita mikononi mwao. Serikali ya Mwingereza ilitaka vitu viwili kwao: kodi ya nyumba, na vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu na Mombasa. Mwaka 1912 akaletwa afisa kijana, Arthur Champion, kuvipata vyote viwili.

Hesabu ya Mgiriama ilikuwa nyepesi na sahihi. Shamba lake lilimpa zaidi ya ujira wa shamba la mzungu, na akilima kwake, analala kwake. Maafisa waliita hali hii uvivu. Ukisoma barua zao leo, unaona hasira ya mnunuzi aliyeambiwa bei na muuzaji asiyekuwa na haja ya kuuza.

Hapo ndipo anapotokea Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, si mzee wa kambi, yaani baraza la wazee, asiye na cheo chochote ambacho serikali ingekitambua. Masimulizi ya Wagiriama yanasema kaka yake mmoja alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa Mekatilili alipokuwa binti, asionekane tena. Kama kisa hicho ni kweli kwa kila neno au kimenenepa kwa kusimuliwa, kinaeleza alichokuwa akiwaambia akina mama kijiji baada ya kijiji: mtoto akichukuliwa na mgeni kwa kazi, usimhesabu tena. Mashuhuri zaidi ni kisa cha kuku. Kwenye baraza ya Agosti 1913, inasimuliwa, alimletea Champion kuku na vifaranga vyake, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa, akasema Mekatilili, ukigusa watoto wetu. Inasemekana Champion alimpiga kuku yule risasi, na hakuna jibu ambalo lingemsaidia zaidi Mekatilili.

Watu wakakusanyika Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, na kula viapo, wanawake mukushekushe, wanaume fisi, kwamba hawatatoa ushirikiano kwa serikali. Oktoba 1913 Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa, wakapelekwa kifungoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwezi Januari 1914 wakatoroka wakarudi Giriama. Kwa miguu. Ramani ya Kenya inatosha kuonyesha huo ni mwendo wa mamia ya kilomita, kupita nchi za watu wasioelewana nao lugha. Mwanamke aliyekuwa akiwaonya wenzake kuhusu safari zisizo na marejeo akawa amejirudisha mwenyewe.

Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Siku hiyo hiyo Uingereza iliingia vitani Ulaya, na haja ya vibarua ikageuka kuwa haja ya wapagazi wa jeshi. Mapigano yakazuka, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na masharti ya amani yakawa mazito: faini ya rupia 100,000, kuhama kutoka kaskazini ya Sabaki, na vijana 1,000 wa kazi. Kile ambacho Wagiriama walikikataa kwa ujira kikachukuliwa kama faini.

Ni rahisi kusema leo kwamba waliogopa bure. Hawakuogopa bure. Katika vita vile, wapagazi waliokusanywa kutoka Kenya na kufa kwa njaa, kuhara na malaria njiani Tanganyika walikuwa makumi ya maelfu kwa hesabu za serikali yenyewe, na wengi hawakuandikwa popote.

Kuanzia miaka ya 1930 ng'ambo ikaanza kuja Malindi yenyewe. Hoteli za kwanza za wazungu zilifunguliwa ufukweni, na baada ya uhuru wakafuata Waitaliano kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kuitabiri: roketi. Kituo cha San Marco, kilichoanzishwa na mhandisi Luigi Broglio, kiliwekwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwa kuwa karibu na ikweta. Mwaka 1967 kilirusha setilaiti ya Italia, na tarehe 12 Desemba 1970 kikarusha nyingine ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, kwa heshima ya siku ile, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mafundi wa kituo walikuja na ndugu zao, ndugu wakaja na marafiki, na katika miaka 20 hivi mji ukawa na pizzeria, casino na wauza vinyago wanaokadiria bei kwa Kiitaliano safi kuliko Kiingereza chao.

Kizazi kilicholelewa ufukweni hapo kilikuwa cha kwanza kupata ahadi ya kazi ya nje kutoka kinywani mwa mtu anayemjua. Barua ya mwaliko ilitoka kwa mteja wa kila mwaka, mara nyingine kwa mchumba. Wapo waliokwenda Italia wakafanya kazi, wakajenga Malindi na wakarudi. Wapo ambao ahadi iliyeyuka walipofika uwanja wa ndege. Ila uamuzi ulikuwa na dhamana ya aina yake. Aliyekualika alikuwa na nyumba Casuarina au Mayungu, na Desemba ingefika naye angekuwapo, na mama yako alijua geti lake.

Katika miaka hiyo hiyo kitu kingine kilikuwa kikisafirishwa kutoka vijiji vya Kilifi kwenda Marekani bila ridhaa ya mtu yeyote: vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango hakiondolewi kikishasimikwa, hata kikioza. Wezi waliving'oa usiku na kuwauzia wafanyabiashara wa vinyago, navyo vikaishia kwenye makumbusho na sebule za watu wa Marekani. Viwili vilivyoibiwa mwaka 1985 katika kijiji kimoja cha Kaloleni vilirudishwa mwaka 2007, baada ya mtafiti kuvitambua katika makumbusho mawili huko. Miaka 22. Vingine vimeendelea kurudi kimoja kimoja, na vilivyobaki nje ni vingi zaidi.

Utalii haukuanguka kwa siku moja. Ghasia za Likoni 1997, shambulio la hoteli Kikambala Novemba 2002, machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, utekaji nyara wa 2011 na maonyo ya balozi yaliyofuata, kila kimoja kilifunga hoteli kadhaa na kuwarudisha nyumbani wapishi, wahudumu na mabwana bustani. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichofunguliwa miaka ya 1970, kilikuwa kimekwisha kufungwa. Wakati huo huo Ghuba ilikuwa ikitafuta wafanyakazi wa nyumbani, na ofisi za mawakala zikajaa Mombasa.

Wakala wa sasa ana jambo ambalo nahodha wa zamani hakuwa nalo: anatoa safari bure. Medikali, pasipoti, visa, tiketi, vyote hulipwa na tajiri wa Saudia kupitia kwake. Mkataba ni wa miaka miwili, na mshahara kwa kawaida umekuwa riyali 900 au 1,000 kwa mwezi. Kwa msichana ambaye nyumbani angelipwa shilingi elfu chache kuosha vyombo vya watu Malindi, hilo ni jambo la kufikiria kweli, na anayemcheka kwa kulifikiria hajawahi kukosa karo. Ubaya wa bure ni kwamba ina hesabu yake. Gharama zile zote ni deni, nalo husahaulika mpaka siku mfanyakazi anapotaka kurudi kabla ya muda. Siku hiyo huambiwa alipe. Na chini ya utaratibu wa kafala, uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, hakuwa na ruhusa ya kutoka nchini bila idhini ya mwajiri, ambaye mara nyingi ndiye aliyeshika pasipoti yake. Mageuzi ya Saudia ya Machi 2021 yalilegeza masharti hayo kwa wafanyakazi wengi, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje.

Serikali ya Kenya imekuwa ikifunga na kufungua mlango. Mwaka 2014 ilifuta leseni za mawakala wote, mwaka 2017 ikaruhusu tena. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ilisema Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wakielezwa kuwa moyo ulisimama, maelezo ambayo maafisa wenyewe wa wizara waliona magumu kuyaamini kwa vijana waliopimwa afya kabla ya kusafiri. Kanuni za mwaka 2016 zinamtaka wakala mwenye leseni aweke dhamana ya kifedha, itumike kumrudisha mfanyakazi ikibidi. Kati ya kanuni zote za kazi za nje, hiyo ndiyo ambayo mzee yeyote wa Kilifi angeifahamu bila kutafsiriwa. Ni rehani. Anayempeleka mtu aache kitu chake nyuma.

Kikao cha familia kwa hiyo kina sura yake. Mkeka hutandikwa chini ya mwembe, mjomba huitwa, wakala au mtu wake hukaa kwenye kiti cha plastiki. Familia za Kiislamu humwachia muda msichana asali istikhara. Nyingine humwaga tembo kwa koma, yaani mizimu ya wazee. Halafu maswali huanza, na si aghalabu mshahara kuwa la kwanza. Ofisi iko wapi, na wewe nyumba yako iko wapi? Nani mwingine wa hapa amekwenda kupitia kwako, na amerudi? Namba yake ya simu? Akifariki, nani analeta mwili? Familia zilizopitia hilo hujua kwamba kuusubiri mwili kunaweza kula wiki hata miezi, na mchango wa kuuleta huanza kabla machozi hayajakauka.

Sasa ramani inapanuka tena. Tarehe 13 Septemba 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya uhamiaji wa kazi, na madereva wa basi kutoka Kenya walikuwa wameshachukuliwa kwa majaribio katika mji wa Flensburg. Ujerumani inataka cheti cha lugha kabla ya kiti cha ndege, jambo lisilowatisha sana watu ambao baba zao walijifunza Kiitaliano kwa kubeba mizigo hotelini. Sheria ya huko inampa mfanyakazi wa siku sita kwa wiki likizo ya malipo isiyopungua siku 24 kwa mwaka. Hanga, yaani matanga ya Kigiriama, huchukua siku kadhaa. Siku 24 zinatosha kuja kuzika na kurudi kazini, ikiwa nauli ipo.